Sentimita 5 za Milano

Mnamo Machi 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa makala kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Milano, Italia. Mwandishi wake wa kwanza, daktari mpasuaji Vincenzo Mazzaferro, alikuwa na wagonjwa 48 tu wa kueleza habari zao. Katika utafiti wa tiba, 48 ni idadi ya kudharaulika. Hata hivyo makala hiyo ndiyo hadi leo msingi wa kuamua, Ulaya, Marekani na Asia, nani mwenye saratani ya ini apandikizwe ini jipya na nani aambiwe hapana. Msimamo wangu ni huu: kazi kubwa kuliko zote alizofanya mpasuaji huyu aliifanya kisu kikiwa mezani. Aliweka mpaka. Na sisi wa Afrika Mashariki, ambao wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wameshauvuka mpaka huo kwa mbali, tunauzungumza upandikizaji kwa kuanzia mwisho: tiketi ya ndege, viza ya India, bei ya upasuaji, mchango wa ukoo. Mwanzo wake ni kipimo cha damu cha homa ya ini B na picha ya ultrasaundi, vitu vinavyopatikana katika hospitali zetu za mikoa.

Ili kuelewa kwa nini mpaka ulihitajika, tumrudie Thomas Starzl. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa bila njia timamu za nyongo. Alivuja damu hadi akafia mezani. Waliofuata mwaka huo hawakufikisha hata mwezi, na Starzl akaiweka kando operesheni hiyo kwa zaidi ya miaka 3, akarudi maabara kwenye mbwa na dawa za kushusha kinga. Alipoanza upya Julai 1967, mgonjwa wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka alikuwa mtoto wa kike wa miezi 19. Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya ini. Ini jipya lilifanya kazi, mtoto akaenda nyumbani, na baada ya siku takriban 400 akafa. Kilichomuua ni ile saratani, iliyorudi na kusambaa. Yaani mafanikio ya kwanza kabisa ya upandikizaji wa ini yalibeba ndani yake swali ambalo lingewasumbua wapasuaji kwa karibu miaka 30: umeondoa ini zima pamoja na uvimbe wake, sasa saratani imetoka wapi tena?

Jibu liko katika damu. Ini hupokea damu kwa njia mbili, mshipa unaotoka moyoni na mshipa mpana unaokusanya damu ya utumbo, kisha damu yote hiyo hutoka kwenda moyoni na mapafuni. Uvimbe wa saratani ukiwa mdogo hukaa umejifunga. Ukikua, seli zake huanza kupenya kwenye vimishipa vidogo visivyoonekana kwa macho wala kwa picha, na kutoka hapo husafiri hadi kwenye mapafu na mifupa. Mpasuaji akilitoa ini baada ya hatua hiyo, anang'oa mti ambao mbegu zake zimeshapeperuka. Kisha anazidisha balaa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mgonjwa aliyepandikizwa lazima anywe dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae ini geni, na kinga hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikizikabili seli zilizotawanyika. Ndiyo maana miaka ya 1980, dawa ya saiklosporini ilipoufanya upandikizaji kuwa tiba ya kawaida badala ya jaribio, wagonjwa wa saratani waliendelea kufa. Walikuwa wakichaguliwa kwa kigezo kilichopinda: uvimbe mkubwa usioweza kukatwa. Wapasuaji waliwapa maini mapya watu ambao hawakuwa na njia nyingine, na hao ndio waliokuwa na nafasi ndogo kuliko wote ya kufaidika. Vituo vingi vilivunjika moyo.

Lakini kulikuwa na dokezo. Mara kwa mara mgonjwa aliyepandikizwa kwa sababu ya ini lililosinyaa na kujaa makovu alikutwa, ini lake la zamani likipasuliwa maabara, na kauvimbe kadogo ka saratani ambako hakuna aliyekajua. Wagonjwa hao waliishi vizuri. Mwaka 1993 Henri Bismuth na wenzake wa Ufaransa walionyesha kuwa wenye vivimbe vidogo na vichache hupata nafuu zaidi kwa kupandikizwa kuliko kwa kukatwa sehemu ya ini. Mazzaferro alilichukua dokezo hilo na kuligeuza kanuni iliyotangulia upasuaji, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Tangu 1991 kundi lake lilikubali kuwapandikiza tu wagonjwa wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi 3, kila kimoja kisichozidi sentimita 3, bila saratani kuonekana ndani ya mishipa mikubwa ya damu wala nje ya ini. Baada ya miaka 4, asilimia 75 walikuwa hai. Saratani ilirudi kwa wagonjwa 4. Maini yaliyotolewa yalipochunguzwa, ilibainika kuwa wagonjwa 35 walikuwa kweli ndani ya mpaka, na kati yao walioishi miaka 4 ni asilimia 85. Kwa 13 ambao picha ziliwapunja na kumbe walikuwa nje ya mpaka, ilikuwa asilimia 50.

Sentimita 5 hazina muujiza. Ukubwa na idadi ya vivimbe ni kielelezo tu cha kitu ambacho picha haiwezi kukionyesha, yaani kama seli zimeanza kupenya kwenye vimishipa. Uvimbe wa sentimita 6 unaweza kuwa mpole, na wa sentimita 3 ukawa mkali. Mazzaferro alilijua hilo, na miaka yake iliyofuata aliitumia kuihoji kanuni yake mwenyewe, jambo ambalo watu waliokwisha kupata sifa hulifanya kwa nadra. Mwaka 2009, akiwa na takwimu za zaidi ya wagonjwa 1,500 kutoka vituo vingi, alipendekeza hesabu pana zaidi: kipenyo cha uvimbe mkubwa kwa sentimita, jumlisha idadi ya vivimbe, jibu lisizidi 7, mradi vimishipa havijapenywa. Utafiti huo aliuita Metroticket, kwa mfano wa tiketi ya treni za mjini: kadiri unavyosafiri mbali na kituo ulichoanzia ndivyo nauli inavyopanda, na nauli hapa ni uwezekano wa saratani kurudi. Baadaye kipimo cha protini ya damu iitwayo alfafetoproteni, AFP, kikaingizwa katika hesabu, kwa sababu uvimbe unaomwaga protini hiyo kwa wingi huwa na tabia mbaya kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Kisha likaja jaribio ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Matokeo yake yalichapishwa 2020. Wagonjwa waliokuwa nje ya mpaka wa Milano walitibiwa kwanza kwa njia nyingine, kama kuunguza uvimbe au kuziba mishipa inayoulisha. Wale 45 ambao uvimbe wao uliitikia na kutulia kwa miezi kadhaa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapandikizwe, wengine waendelee na tiba zisizo za kupandikiza. Baada ya miaka 5, waliopandikizwa walikuwa hai kwa takriban asilimia 77, wenzao kwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, subira yenyewe ni kipimo. Uvimbe unaotulia chini ya matibabu umejieleza tabia yake. Unaokua huku ukitibiwa nao umejieleza, na mgonjwa huyo asingesaidiwa na ini jipya.

Wapo wanaosema kuweka mpaka ni ukatili uliovaa koti jeupe. Siwalaumu, ukikaa upande wa pili wa meza, ndugu yako akiwa na uvimbe wa sentimita 8, sentimita 5 zinasikika kama amri ya mtu asiyekujua. Lakini angalia upande ambao hauonekani. Ini la marehemu linapotolewa, kuna foleni. Mwenye ini lililosinyaa kabisa bila saratani, ambaye angeishi miaka 20 baada ya kupandikizwa, anaweza kufa akisubiri wakati ini hilo limekwenda kwa mtu ambaye saratani itamrudia ndani ya mwaka. Marekani ilipoanza mwaka 2002 kugawa maini kwa alama za ukali wa ugonjwa, wenye saratani walipewa alama za nyongeza kwa sharti la kuwa ndani ya mpaka wa Milano. Bila mpaka huo pasingekuwa na hoja ya kuwapa nafasi kabisa. Huyu Mtaliano aliyekataa wengi ndiye aliyewafungulia mlango waliobaki.

Hapa hujibiwa kwamba sisi hatuna foleni. Wagonjwa wetu wanaokwenda India hupandikizwa kipande cha ini la ndugu aliye hai, na ini ni la familia, halimnyang'anyi mtu. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Ini kweli huota tena. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa sehemu ya kulia, ambayo ni zaidi ya nusu ya ini lake, na baada ya miezi michache likakaribia ukubwa wa awali. Mafanikio ya kwanza ya aina hii yalikuwa ya mama kumpa mwanawe, Brisbane, mwaka 1989. Mwaka 1996 madaktari wa Hong Kong wakawa wa kwanza kuhamisha sehemu ya kulia kutoka mtu mzima kwenda kwa mwingine. Ila mtoaji naye hupasuliwa tumbo. Kati ya wanaotoa sehemu ya kulia, takriban mmoja katika kila 200 hadi 500 hufa, na wengi zaidi hupata matatizo ya njia za nyongo au maambukizi. Kijana wa miaka 25 anayejitolea kwa baba yake anastahili kuambiwa kwanza kama baba huyo ana nafasi ya kweli ya kupona. Kipande cha ndugu hakibadilishi tabia ya saratani. Mbegu zikishapeperuka, zimepeperuka, awe ametoa ini marehemu au mwana.

Nilishaulizwa pia kuhusu China, kwamba huko maini hupatikana haraka. Mwaka 2017 jarida la Liver International liliifuta makala ya wapasuaji wa Hangzhou kuhusu maini 564 kwa sababu hawakuweza kuthibitisha kwamba viungo hivyo havikutoka kwa wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo. Sina la kuongeza.

Dhana nyingine iliyoota mizizi kwetu ni kwamba saratani ya ini ni ugonjwa wa walevi. Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi. Lakini kisababishi kikuu cha saratani ya ini katika Afrika yetu ni kirusi cha homa ya ini B, mara nyingi kikisaidiwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Wakenya wa Makueni na Kitui wanaikumbuka sumukuvu kwa mlipuko wa 2004, watu 317 walipougua na 125 wakafa kwa muda mfupi. Ila sura yake ya hatari zaidi haina kelele. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka huharibu jeni inayozuia seli kugeuka saratani. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa 1992 ulionyesha kuwa mtu mwenye kirusi cha B na pia mwenye dalili za sumukuvu mwilini alikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 60 ya asiye na vyote viwili. Bibi asiyewahi kuonja pombe, aliyekula ugali wa mahindi yake mwenyewe maisha yake yote, yumo humo. Unyanyapaa huu wa pombe umewafanya wengi wafiche ugonjwa hadi macho yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji.

Na kufika wakiwa wamechelewa ndiyo hadithi yetu nzima. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi 9 za Afrika. Misri ilisimama peke yake. Wagonjwa wake walikuwa na umri wa kati wa miaka 58, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10 baada ya kugunduliwa. Katika nchi 8 nyingine, zikiwemo Tanzania na Uganda, umri wa kati ulikuwa miaka 46, na nusu ya wagonjwa walikufa ndani ya miezi 2 na nusu. Misri ina mpango wa kuwachunguza wenye ini bovu na ina vituo vya kupandikiza. Sisi tunawapokea watu wa miaka 40, wenye watoto shuleni, wakiwa na uvimbe unaoshikika kwa mkono chini ya mbavu. Mpaka wa Milano kwao ni habari ya ng'ambo.

Nasikia pia kwamba dawa mpya zitatuokoa. Mazzaferro mwenyewe ni mmoja wa waandishi wa utafiti wa 2008 wa sorafenibu, dawa ya kwanza ya vidonge kurefusha maisha ya mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa. Ilirefusha kutoka muda wa kati wa miezi 7.9 hadi 10.7. Mchanganyiko wenye dawa ya kuamsha kinga ulioingia 2020 ni bora zaidi, na bei yake kwa familia ya kawaida Mwanza au Kisumu haitamkiki. Nazitaka dawa hizo zije. Sizitegemei.

Kinachoweza kufanyika kwa fedha tulizo nazo kinaanzia kwa mtoto anayezaliwa. Mtoto anayeambukizwa kirusi cha B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 wa kubaki nacho maisha yote. Kwa mtu mzima anayeambukizwa ukubwani ni chini ya asilimia 5. Chanjo tunayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mpango wa taifa ulianza na dozi ya kwanza mtoto akiwa na wiki 6. Kwa mtoto wa mama mwenye kirusi, wiki 6 ni nyingi mno. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2009 kila mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na nchi nyingi za Afrika zimekokota miguu. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga 1984. Ilipofika miaka ya 1990, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu. Hakuna mpasuaji aliyewahi kufikia matokeo hayo, na nadhani wapasuaji wenyewe wangekiri. Mama mjamzito apimwe kliniki pale anapopimwa VVU, damu ikiwa imeshatolewa, na mwenye virusi vingi apewe tenofovira, dawa ambayo wahudumu wetu wanaijua kama kiganja cha mkono.

Kwa mtu mzima aliyekwisha kuambukizwa, chanjo haitibu. Nalisisitiza hili kwa sababu kampeni za uchanjaji makazini zimekuwa zikiwachanja watu bila kuwapima, na mwenye kirusi anarudi nyumbani akidhani amekingwa. Anachohitaji ni kupimwa wingi wa virusi, kupewa dawa akistahili, na kupigwa ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. Mjini Shanghai watu 18,816 walioshiriki utafiti waligawanywa, wengine wachunguzwe kwa ultrasaundi na AFP kila miezi 6, wengine waachwe na utaratibu wa kawaida. Vifo vya saratani ya ini katika kundi lililochunguzwa vilipungua kwa asilimia 37, ingawa ratiba haikufuatwa kikamilifu. Miongozo ya Marekani inataka wenye kirusi cha B waliozaliwa Afrika waanze kuchunguzwa mapema kuliko watu wa asili nyingine, kwa kuwa saratani yao huja ujanani na wakati mwingine bila ini kusinyaa kwanza. Mashine tunazo, lakini zinawahudumia hasa wajawazito. Kumfundisha mpiga ultrasaundi wa wilaya kulitazama ini kwa makini ni kazi ya miezi. Kuanzisha kituo cha kupandikiza ini ni kazi ya miaka mingi, na bila wagonjwa waliogunduliwa mapema kituo hicho kingekosa watu wa kuwapandikiza kwa sababu ya saratani.

Sipingi kituo hicho. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Wataalamu wetu wameonyesha kuwa wanaweza. Ninachokipinga ni kuuza shamba kabla ya kuuliza. Familia iliyo na mgonjwa leo imuulize daktari mambo matatu kabla ya kuanza mchango: vivimbe ni vingapi na kikubwa kina sentimita ngapi, je saratani imeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, na je imeonekana nje ya ini. Picha zitumwe kwanza, ziangaliwe na jopo la wapasuaji na wataalamu wa ini kwa njia ya mtandao, na jibu liandikwe. Mshipa mkubwa ukiwa umeshavamiwa, hospitali inayowaambia mje tu kwa ajili ya kupandikizwa, iulizeni kwa kanuni ipi.

Na wewe msomaji, kama ulizaliwa Tanzania au Kenya kabla ya miaka ya 2000, mpango wa taifa haukukupa chanjo ya homa ya ini B ulipokuwa mchanga. Nenda kapime. Ukikutwa huna kirusi na huna kinga, chanjwa dozi 3. Ukikutwa nacho, wapeleke na ndugu zako wa tumbo moja, kisha uweke tarehe ya ultrasaundi ya kwanza kabla hujatoka hospitali.